Faini ya Baba wa Zamu

Ni kweli kwamba mume wangu, Tadhi Golicha, alitozwa faini na baraza la kisima cha Horbate. Mtu asijisumbue kunong'ona jambo ambalo mimi mwenyewe nalisema kwa sauti. Alitozwa mtamba mmoja, naye alimtoa mbele ya watu. Uongo ni ule unaoongezwa sokoni Dubluk, kwamba alitozwa kwa sababu aliuza maji. Hakuuza. Alitozwa kwa sababu aliyatoa bure, katika kiangazi ambacho kuyatoa bure kulikuwa kosa. Wengi wa wanaonong'ona niliwafundisha mimi kusoma, nao walipaswa kujua tofauti ya kuuza na kutoa.

Sasa amelala kaburini na hawezi kujibu, nami nina kalamu. Nitaeleza mara moja.

Tadhi hakuwa mtu wa ukoo uliochimba kisima. Ukoo huo ndio wenye kisima hadi leo, na ndio unaomchagua Baba wa Zamu, yaani mtu anayepanga kila siku kundi gani la ng'ombe linywe kwanza na lipi lisubiri. Walimchagua yeye kwa sababu hakasiriki haraka. Kazi hiyo haina mshahara, ina kelele tu. Alisimama tangu asubuhi kwenye mdomo wa njia inayoteremka kisimani, fimbo mkononi, na sikuwahi kuona fimbo hiyo ikimgusa mtu wala mnyama. Ilikuwa ya kuegemea.

"Tadhi, ng'ombe wangu wanazimia," mtu alikuwa akilalamika.

"Wanazimia wakiwa wamesimama? Hao ni ng'ombe hodari. Waache wasubiri kidogo."

Aliponiposa, shangazi zangu walilia. Mimi nilikuwa na cheti cha sekondari kutoka Yabelo, naye hakujua kuandika jina lake. Walisema nitapotea kwa mwanamume anayenuka tope. Mama yangu aliuliza swali moja tu: "Ng'ombe wake mwenyewe anawapanga wa ngapi?" Alipoambiwa kwamba huwapanga mwisho, baada ya wageni, akasema mahari ipokelewe. Namshukuru mama yangu kwa swali hilo kuliko kwa vitu vyote alivyonipa.

Tuliishi hivyo miaka mingi, mimi shuleni, yeye kisimani, mpaka ukaja ukame ule mrefu. Maji ya Horbate hayakauki, na hilo ndilo lililotuponza. Mabwawa ya mbali yalipokauka, makundi yalimiminika kwetu kutoka kila upande. Walikunywa, walikula, wakabaki. Majani yalikwisha hata kwenye malisho ya ndama, ambayo tangu zamani hufungiwa wanyama wachanga na wagonjwa. Nilipokuwa natembea kwenda shule nilikuwa nakanyaga vumbi mahali ambapo zamani majani yalinifika magotini.

Wakati huo ndipo alipokuja Tolera Fufa. Alikuwa mtaalamu wa uchumi na mazingira wa mradi wa malisho, mzaliwa wa Ambo, kwenye mvua na viazi. Alizungumza lugha yetu ileile kwa lafudhi ya kwao, na wanawake walimwiga kila alipogeuka. Lakini alikuwa na adabu. Siku ya kwanza alikuja nyumbani kwetu kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote. Nikamkaangia kahawa pamoja na maganda yake katika siagi, kama tunavyomfanyia mgeni tunayemheshimu, naye akatafuna bila kukunja uso.

"Baba," alimwambia mume wangu, "nani hulipia maji haya?"

"Hakuna."

"Na majani yanayozunguka kisima?"

"Mungu ndiye aliyeyaotesha. Tumlipe vipi?"

"Ndiyo maana yamekwisha. Anayeleta ng'ombe hapa anapata maji yote anayoyataka, lakini majani wanayomaliza ng'ombe wake ni hasara ya watu wote. Kwake yeye kuja ni faida tupu. Mkiweka ada, hata ndogo, wa mbali atafikiri kwanza. Atatumia bwawa la kwao mpaka tone la mwisho ndipo aje."

"Maji hayauzwi, mwanangu. Hata adui akija na ng'ombe wenye kiu, tunamnyweshea kwanza. Ugomvi baadaye."

"Sitaki muuze maji. Nataka mtoze majani wanayokula wakija na wakirudi."

Tadhi alitafuna kahawa yake taratibu. "Ng'ombe hunywa kwa mdomo uleule anaolia majani. Wewe utautoza upande gani?"

Nilicheka. Tolera naye akacheka, akanigeukia. "Mama Mwalimu, nisaidie. Mzee wako ananimaliza."

Nikamsaidia, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Nilimwambia mume wangu aende asimame katikati ya malisho ya ndama, kisha aniambie kama huyu kijana amekosea.

"Nimeshasimama," alijibu. "Sijasema amekosea. Nimesema maji hayauzwi."

Baraza liliketi, likasema sana kama kawaida yake, na mwishowe likakubali kujaribu ada kwa kiangazi kile kimoja. Tadhi alipinga mbele ya wote. Uamuzi ulipopita, alisimama akasema kwamba sasa ni uamuzi wake pia. Hivyo anayesema kwamba mume wangu ndiye aliyeleta ada hakuwepo barazani, au alikuwepo amelala.

Kamati ya kukusanya ilipewa Roba Duba, mtu mnyofu na mgumu kama ngozi iliyokaushwa juani. Tolera alitaka ada itozwe kwa kila kichwa cha ng'ombe. Roba akamuuliza kama huko Ambo watu huwahesabu watoto wao mbele ya wageni. Kwetu hakuna anayewahesabu ng'ombe wake, wala anayetaka wahesabiwe; ni kuwatafutia balaa. Basi wakakubaliana ada tatu: ya kundi dogo, ya kundi la kati na ya kundi kubwa. Kwa maajabu ya Mungu, kiangazi kile Borana nzima haikuwa na kundi kubwa hata moja.

Lazima niseme haki: ada ilifanya kazi. Watu wa mbali walipungua. Ilinyesha mvua moja ndogo isiyo ya msimu, na malisho ya ndama yakatoa kijani kwa mara ya kwanza tangu tulipoanza kuyalilia. Niliwapeleka wanafunzi wangu wakayaone. Namshukuru Tolera kwa kijani kile, na nilimwambia hivyo wakati huo.

Lakini kisima chetu ni kirefu, na maji yake hayapandi yenyewe. Wanaume husimama kwenye ngazi za ndani, mmoja juu ya mwingine, wakirushiana ndoo kutoka mkono hadi mkono mpaka zimwagwe kwenye hori la udongo huko juu. Huimba ili mikono isipishane. Wimbo ukivunjika, ndoo humwangukia mtu kichwani. Zamani kila aliyeleta ng'ombe alileta na mikono yake. Hakuna aliyemwambia. Angepitaje mbele ya wenzake mikono mitupu?

Ada ilipoanza, walianza kukaa kivulini.

"Shuka, bwana, ngazi ya tatu haina mtu," Tadhi alimwambia mmoja.

"Nimeshalipa, Baba wa Zamu. Aliyepokea hela yangu ndiye ashuke."

Roba, aliyekuwa amesimama karibu, akasema, "Niliyepokea ni mimi, na ubovu wa mgongo wangu unaujua."

"Basi tafuta mwenye mgongo. Si una hela?"

Mradi ulileta vibarua kutoka mjini. Walikuwa wanaume wenye nguvu, lakini hawakujua nyimbo, na ndoo ziliwapiga mpaka wakaondoka. Tope likajaa chini ya kisima. Hori likapasuka, maji yakawa yanavuja, na nilimkuta mume wangu peke yake akilikandika kwa udongo, mtu wa umri ule.

"Kwa nini huwaiti?" nilimuuliza.

"Zamani niliwaita, wakaona aibu kukataa. Sasa aibu yao wameilipia."

Tolera alisikia maneno hayo. Alikaa chini karibu na hori akaanza kukanda udongo naye, na suruali yake ya ofisi ikaharibika.

Hapo ndipo alipokuja kaka yangu Galma.

Galma ni mdogo wangu, tumbo moja. Bwawa la kwao lilikuwa limekauka, naye alikuwa ametembea na ng'ombe wake na wanawe wawili wakubwa mpaka macho ya ng'ombe yakaingia ndani. Nilikuwa kisimani nimefuata maji ya nyumbani. Niliwatambua ng'ombe kabla sijamtambua yeye, kwa sababu ni wa ukoo wa ng'ombe wa baba yangu, wekundu wenye paji jeupe. Walikuwa wachache kuliko nilivyowajua.

Roba alikuwa kwenye mdomo wa njia.

"Amani, Galma?"

"Amani. Ng'ombe wangu hawajanywa."

"Nawaona. Kundi dogo. Ada yake unaifahamu."

"Sina. Nimejaribu kuuza fahali njiani, hakuna anayenunua mifupa. Nina ngozi ya yule aliyekufa jana. Utaichukua?"

Roba alitazama chini. "Usinifanye mimi mtu mbaya, ndugu yangu. Sheria hii sikuitunga mimi. Nikikuachia wewe, kesho nitamkatalia nani?"

Hakuwa na makosa. Nilitaka kumchukia nikashindwa.

Watu wote wakamgeukia Tadhi, na mimi nilijua wanachotazama. Akimpitisha shemeji yake bila ada, watasema kisima kimekuwa cha wakwe zake, na fimbo atanyang'anywa kwa aibu. Akimkatalia, ng'ombe watakufa mlangoni mwa maji, na hilo halijawahi kutokea Horbate tangu ilipochimbwa. Mume wangu hakunitazama. Nilimshukuru kwa hilo, maana uso wangu ungemwomba.

"Leo zamu ya mwisho ni ya nani?" aliuliza, kana kwamba hajui.

"Ni yako," mtu akajibu.

"Basi leo mimi sinyweshi. Nafasi yangu ni ya hawa."

"Tatizo si nafasi, Tadhi," alisema Roba. "Ni ada."

"Najua. Nishtaki barazani, utakuwa umefanya kazi yako vizuri. Lakini ng'ombe hawa watakunywa kabla baraza halijaketi." Kisha akamwambia kaka yangu, "Shemeji, vua shuka. Unashuka chini kabisa, kwenye tope, wewe na wanao. Mkimaliza kuchota maji yenu, mtachota tope."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nikuite."

"Ningejua utaniweka kwenye tope, nisingekupa dada yangu."

"Umechelewa. Shuka."

Watu walicheka, hata Roba, na kile kicheko kilisaidia.

Galma alishuka. Sasa, kila mtu anayemjua kaka yangu anajua sauti yake. Kisimani mtu huimba kuwasifu ng'ombe wake mwenyewe, na hakuna aliyetegemea kitu kingine. Galma hakuwasifu wake. Kutoka chini kule kwenye tope alianza kuwasifu ng'ombe wa wale waliokaa kivulini, kundi kwa kundi, kwa rangi zao, kwa pembe zao, kwa majina ya mababu waliowaleta. Alikuwa amewaona wakati anasubiri, na mchungaji wa kweli akiona ng'ombe hawasahau.

Mtu ambaye ng'ombe wake wanasifiwa kutoka tumboni mwa kisima hawezi kuendelea kukaa. Wa kwanza kuinuka alikuwa yuleyule aliyesema ameshalipa. Alisimama, akajifanya ananyoosha miguu, akakaa tena. Galma alipofika kwa mababu wa mtu huyo, yule bwana alivua shati akashuka. Wengine wakamfuata bila kutazamana. Ngazi zilijaa. Wimbo ulirudi mnene kama zamani, na wanawake waliokuwa mbali na madumu yao walisimama njiani wakasikiliza.

Ng'ombe wa baba yangu walikunywa. Sitaeleza jinsi nilivyojisikia.

Baraza lilipoketi, Roba alishtaki kama alivyoagizwa. Hakuongeza neno wala kupunguza. Tadhi alikiri.

"Ulijua sheria?" wazee walimuuliza.

"Nilikuwepo ilipopitishwa. Ni yangu pia."

"Mbona uliivunja?"

"Kulikuwa na sheria mbili pale mlangoni. Nilivunja ile ambayo mtu anaweza kulipa faini yake. Ile nyingine, ng'ombe wangekuwa wamekufa, ningewalipaje?"

Wakamtoza mtamba. Hakuna aliyetetea asitozwe, wala yeye mwenyewe. Aliniambia baadaye kwamba wangemsamehe angeondoka na aibu, maana ingeonekana kwamba shemeji ya Baba wa Zamu ana sheria yake.

Kisha Tolera aliomba ruhusa ya kusema. Alisimama mbele ya wazee akasema kwamba ada yake iliyarudisha majani na kuwafukuza wachotaji. Alikuwa amepima thamani ya majani, akasahau kwamba mikono ile nayo ilikuwa mali, na ya bei kubwa, ingawa haikuwa na bei. Aliomba ada ya fedha iondolewe. Badala yake, kila anayenywesha alete mikono. Na anayetoka mbali alete zaidi, atoe tope na akate miiba ya kuzungushia malisho ya ndama kabla hajaruhusiwa kukaa.

"Hiyo nayo ni ada," alisema Roba.

"Ni ada, mzee. Na wa mbali bado atafikiri kabla hajaja. Ila hii hawezi kumtuma mtu ailipe."

"Na asiye na nguvu?" aliuliza Tadhi. "Mjane, mgonjwa?"

"Hilo nakuachia wewe. Ndiyo maana kisima kina Baba wa Zamu."

Tadhi aliomba liongezwe jambo moja, kwamba mwenye kiu anywe kwanza ndipo aulizwe habari za miiba. Baraza likapitisha yote mawili, na Roba akawa wa kwanza kukubali. Baadaye watu wa wilaya waliuchukua mpango huo wakaupeleka kwenye visima vingine, na Tolera aliandika wazi kwamba si wake peke yake. Wataalamu wengi wamepita Yabelo. Huyu ndiye ninayemwombea kila ninapoona miiba ya malisho ya ndama imesimama.

Sasa mtamba. Tulimtoa yule mzuri kuliko wote, mjukuu wa ng'ombe niliyekuja naye kwa ndoa. Nilimsindikiza mpaka langoni, nikamkuna shingo, nikarudi ndani. Tadhi hakuniambia nisilie.

Kesho yake asubuhi, nilipotoka kukamua, kulikuwa na mtamba mwingine amefungwa kwenye lango la zizi letu. Mchanga, mnono kwa mwaka ule, kamba mpya shingoni. Hapo ndipo ndimi za sokoni zilipopata chakula. Zilisema ametoka kwa mradi, kwamba Tadhi alikuwa amenunuliwa tangu mwanzo na ule ndio ujira wake. Tolera hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Alikuwa na pikipiki ya ofisi, na petroli yake alikuwa akiiomba.

Kwetu ng'ombe hana haja ya kusema ametoka wapi, sikio lake lina alama. Tadhi alishika sikio la yule mtamba, akalitazama kwa muda, akanionyesha. Sote wawili tuliielewa. Akasema, "Mwache aingie," akakata alama yetu juu ya ile, akachukua fimbo yake akaenda kisimani. Siku ile alimpanga mwenye alama ile zamu ileile aliyokuwa nayo daima, si mbele wala nyuma, na mtu huyo akampitia akisema "Amani" kama siku zote. Hawakuzungumza habari hiyo mpaka mume wangu alipofariki. Sijaona shukrani iliyotolewa na kupokelewa vizuri kuliko ile.

Katika mazishi Tolera alikuja kutoka mbali, nywele zimeanza mvi. Galma aliimba. Roba Duba ndiye aliyeichukua fimbo kaburini akaipeleka kwa Baba wa Zamu mpya. Kisima kilifungwa siku nzima isipokuwa kwa wageni wenye kiu, kama mwenyewe angetaka. Nimepewa zaidi ya nilivyostahili kudai: mume wa namna ile, na watu waliojua alikuwa nani.

Uzao wa mtamba yule umejaa zizini mwangu, na wajukuu wangu wananywa maziwa yake. Wameniuliza ametoka kwa nani. Wanangu waliniuliza kabla yao, na mwezi uliopita mtu mzima, niliyemfundisha mwenyewe alifabeti, alinisimamisha sokoni akataka kunitajia majina ili nitikise kichwa kwa lile lililo sahihi. Sikutikisa kichwa. Jina ninalijua. Aliyeleta hakutaka lijulikane, na mume wangu hakulitamka hata kwangu. Alinionyesha sikio tu. Sitalisema hapa, wala sitalisema mahali pengine. Msiniulize tena.